Mzio wa Ngozi na Vidole Vitatu vya Mama

Siku utakapomwona mchumaji wa majani chai akiwa kazini, iwe ni upande wa Kericho au huku kwetu Bomet, usitazame kapu lake. Tazama vidole. Chai huchumwa kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Vidole hivyo hukata majani mawili na chipukizi tangu umande wa asubuhi hadi saa za kupeleka majani kituoni, na kikonyo cha chai, hata kiwe kichanga namna gani, kina nyuzi zinazokwaruza. Ndiyo sababu wachumaji wengi huvivika vidole hivyo vipande vya mpira mweusi vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Tyubu haikugharimu kitu, haichaniki upesi, na umande haupenyi. Mama yangu amevaa vipande hivyo tangu kabla sijaanza darasa la kwanza.

Mwaka wa 2022 vidole vile vitatu vilianza kumwasha. Kwanza vikawa vyekundu, kisha vikatoa malengelenge madogo madogo kama punje za wimbi, kisha ngozi ikakauka na kupasuka. Usiku tulikuwa tukimsikia akijikuna. Majirani, kama mjuavyo, kila mmoja alikuja na ugonjwa wake mfukoni. Mmoja alisema ni damu chafu. Mwingine akasema ni jicho la mtu aliyeona wivu wakati wa bonasi. Wa tatu, ambaye alionekana kuwa na akili kuliko wote, akasema ni mbolea, kwamba majani chai ya siku hizi yana dawa nyingi na sasa yanamkataa. Baba aliamini hili la tatu. Akaanza kusema kwamba labda tung'oe chai tupande mikaratusi. Mimi nilikuwa Kidato cha Pili, na karo yangu ilitoka kwenye ile chai, kwa hivyo mnaweza kukisia kama nililala vizuri usiku ule!

Mama akaenda duka la dawa. Akauziwa tyubu ya mafuta (hii ni tyubu nyingine, si ya baiskeli) na akaambiwa avae glavu za mpira, zile za manjano za kuoshea vyombo, ili mikono ipumzike. Mafuta yalipunguza mwasho kwa siku tano, kisha ukarudi. Na tangu avae glavu, vipele vikapanda hadi kwenye kifundo cha mkono na kuishia pale pale glavu ilipoishia, kama mstari uliochorwa kwa rula. Sisi hatukuona maana ya mstari huo. Ulikuwa mbele ya macho yetu na hatukuuona.

Aliyeuona ni tabibu mmoja wa ngozi aliyepata mafunzo yake Moshi, Tanzania. Hebu nieleze hapa kidogo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, pana chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya nchi za Afrika zisizo na madaktari wa ngozi wa kutosha. Chuo hicho huchukua maafisa wa kliniki na wauguzi, kikawafundisha magonjwa ya ngozi, kisha kikawarudisha makwao. Kwa hivyo mtu wa kijijini anaweza kuangaliwa na mtaalamu bila kufunga safari ya Nairobi.

Tabibu hakumpima mama damu. Alimwuliza maswali tu. "Mama, kidole gani kilianza?" "Cha shahada, daktari." "Mgongoni mwa kidole au tumboni?" "Pote, kama pete." "Ukienda safari, kunakuwaje?" Mama akakumbuka kwamba alipokaa kwa nyanya yetu Sotik kwa majuma mawili, vidole vilikuwa vimekaribia kupona. Huko Sotik alikuwa akichuma chai pia? La, alikuwa akimuuguza nyanya, lakini alipalilia, alifua, na alishika mbolea. Basi tabibu akamwambia, "Niletee vile vipande unavyovaa." Mama akavitoa mfukoni mwa koti.

Sasa ndipo nifike kwenye somo lenyewe, maana mimi nilibaki na swali moja ambalo halikunipa raha: itakuwaje kitu ambacho mama amekivaa miaka kumi na zaidi bila tatizo kimgeuke siku moja? Niliwasumbua walimu wa Bayolojia, nikasoma kila kilichonijia mkononi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kitu kinachochoma ngozi ya kila mtu, na kuna kitu kinachomdhuru mtu mmoja na kuwaacha wengine. Mfano wa kwanza tunaujua sote: yule mdudu mwekundu na mweusi aitwaye Nairobi flai. Jina hilo ni la uongo kwa sababu si nzi, ni mbawakawa mdogo. Wala haumi. Ukimponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake yana sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja hivi unapata jeraha kama la moto. Mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño, wadudu hawa walizagaa Kenya hata watu wakaogopa kuwasha taa usiku. Lakini sumu hiyo haichagui. Mponde shingoni mwa mwalimu mkuu au shingoni mwa mtoto wa chekechea, wote watachomeka. Sabuni kali ni vivyo hivyo. Huo ni uchomaji tu.

Mzio, ambao wengi wetu huuita aleji, ni jambo jingine. Neno lenyewe la kitaalamu lilibuniwa mwaka wa 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Katika mzio, kitu kilichogusa ngozi hakina ubaya mkubwa. Ubaya hufanywa na askari wa mwili wenyewe, yaani kinga yetu, wanaomwona mgeni asiye na hatia na kumshambulia. Na vita vikipiganwa ndani ya nyumba, ni nyumba inayobomoka.

Tena mizio haifanani. Yupo mtu anayeumwa na nyuki akavimba uso baada ya dakika chache. Huo ni mzio wa haraka, na kazi hiyo hufanywa na kingamwili zilizo ndani ya damu. Mzio wa kugusa huja polepole, kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu. Mnaukumbuka ule mtihani wa kifua kikuu, unapochomwa sindano ndogo mkononi na kuambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu wapime uvimbe? Huo uvimbe na vipele vya mama ni ndugu wa baba mmoja. Na ucheleweshaji huo ndio unaotupotosha. Mtu anaamka Jumatano na vipele, anajiuliza alikula nini Jumanne usiku, kumbe alishika kitu Jumatatu.

Ni nani aliyegundua kwamba kazi hii si ya damu? Mwanafunzi yeyote wa Bayolojia anamjua mtu huyo kwa jambo jingine. Ni Karl Landsteiner, yule wa makundi ya damu A, B na O, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Uzeeni, akiwa New York, aliwapaka simbilisi kemikali sahili kwenye ngozi hadi wakapata mzio. Mwaka wa 1942 yeye na Merrill Chase walichukua maji ya damu ya simbilisi hao wakawadunga wengine wazima. Haikutokea kitu. Wakachukua chembe hai nyeupe wakawadunga, na tazama! Wale wazima nao wakawa na mzio. Hivyo ikajulikana kwamba kumbukumbu ya mzio huu hubebwa na chembe zenyewe. Siku hizi tunaziita chembe T.

Jambo lililonishangaza ni udogo wa vitu vinavyoleta mzio. Kinga yetu imezoea kupambana na vitu vikubwa kama bakteria na virusi. Kemikali ya mpira ni ndogo mno, kiasi kwamba peke yake kinga haiioni. Udogo huo ndio unaoiwezesha kupenya tabaka la juu la ngozi. Ikishapenya, hujibandika kwenye protini za mwili wenyewe. Hapo ndipo taabu huanza. Mfikirie mbwa wa nyumbani anayekujua vizuri. Siku moja unarudi usiku umevaa koti kubwa la mvua na kofia, anakubwekea na pengine anakuuma. Wewe ni yule yule, koti ndilo lililomdanganya. Wataalamu huiita kemikali kama hiyo hapteni. Hapteni ni lile koti.

Na nani humpelekea mbwa habari? Ndani ya ngozi zimo chembe zenye matawi matawi kama mizizi ya mchaichai. Aliyeziona kwanza, mwaka wa 1868 huko Berlin, ni Paul Langerhans. Ndiyo, ni huyo huyo wa vijisiwa vya Langerhans katika kongosho, ambavyo mwalimu hutuuliza kila mtihani! Alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alizipaka rangi ya dhahabu, akayaona yale matawi, akadhani ni mishipa ya fahamu. Alikosea, na kosa hilo likadumu muda mrefu. Ilikuwa mwaka wa 1973 ambapo Inga Silberberg, akichunguza ngozi za watu wenye mzio wa zebaki, alipoona chembe hizi zimegusana na chembe nyeupe za damu, kama watu wanaonong'onezana.

Mimi huzifananisha na karani wa kituo cha kununulia majani. Karani hachakati chai. Yeye hupokea, hukagua, na lori hupeleka kiwandani. Chembe ya Langerhans huchukua protini yenye koti geni, huondoka kwenye ngozi, husafiri kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi za karibu, kwa mfano za kwapani. Humo zimo chembe T za kila aina, kila moja ikijua umbo moja tu. Ile inayolifahamu umbo hilo ikipatikana, huanza kugawanyika: moja, mbili, nne, nane, hadi jeshi zima. Kazi hii huchukua majuma mawili hivi. Katika muda wote huo ngozi haionyeshi chochote. Mtu anaendelea kuchuma chai akiimba.

Baadhi ya chembe hizo huwa za kumbukumbu na hukaa miaka mingi. Siku kemikali ikirudi, hazihitaji tena majuma mawili. Siku mbili zatosha. Watafiti wa miaka ya karibuni wamegundua pia kwamba nyingine hubaki pale pale kwenye ngozi iliyougua, zikilinda kama mgambo. Hiyo ndiyo sababu mzio ukiamka, mara nyingi huamkia mahali pale pale pa zamani.

Msidhani kwamba mambo yote yamekwisha kujulikana. Mwaka wa 2005 makundi matatu ya watafiti yalitengeneza panya wasio na chembe za Langerhans, kila kundi kwa njia yake, kisha yakawajaribu kwa mzio wa kugusa. Kundi moja liliona mzio umepungua. La pili likaona haukubadilika. La tatu likaona umezidi! Kumbe kuna makarani wengine chini zaidi katika ngozi wanaoweza kufanya kazi hiyo, na yule wa Langerhans pengine huwa ndiye mpatanishi anayesema, "Mwacheni huyu, namjua." Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi tukitoa majibu matatu tofauti katika maabara tunapata sufuri.

Basi, turudi kwenye swali langu. Kwa nini baada ya miaka kumi na zaidi? Kwa sababu mwili hauhesabu miaka, unahesabu kiasi kilichoingia na hali ya ngozi siku hiyo. Mpira mweusi si utomvu mtupu wa mti. Kiwandani hutiwa kemikali za kuufanya uive upesi, kama zile za jamii ya thiuramu, na nyingine za kuuzuia usioze kwa jua na hewa. Kemikali hizo hutoka kidogo kidogo, hasa penye joto na jasho. Ngozi nzima huzizuia nyingi. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa nyingi, vidole vya mama vilishinda vimelowa ndani ya mpira, vikapasuka kidogo. Mlango ukawa wazi. Kisha tukamvika glavu za manjano, ambazo nazo ni mpira uliotiwa kemikali za jamii ile ile! Dawa tuliyomnunulia ilikuwa ni ugonjwa wenyewe, tena hadi kwenye kifundo cha mkono.

Tabibu alithibitisha kwa njia ambayo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka wa 1895 daktari Josef Jadassohn wa Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław, alibandika dawa ya zebaki kwenye ngozi ya wagonjwa waliodhurika nayo, akaona vipele vinatokea pale pale alipobandika. Mpaka leo hatuna kipimo kinachokishinda. Katika hospitali kubwa hutumia kemikali nyingi zilizopangwa safu safu mgongoni. Tabibu wetu hakuwa na safu hizo. Alikata kipande cha tyubu ya mama, kipande cha glavu, kipande cha kitambaa cha aproni yake, na jani la chai, akavibandika mgongoni kwa plasta na kuandika namba kwa kalamu. Akamwambia asioge mgongo kwa siku mbili, na asipake yale mafuta ya dukani huko mgongoni, kwa sababu mafuta ya namna ile huwatia chembe T usingizi na kipimo kikadanganya. (Hili lilinifungua macho. Mafuta hayo hutuliza karibu kila mwasho, kwa hivyo mtu hudhani amepona. Na kama ugonjwa ni ukungu wa ngozi, yanaulisha.)

Baada ya siku mbili akabandua. Baada ya siku nyingine mbili akatazama tena, kwa kuwa baadhi ya mizio huchelewa zaidi. Mama alitueleza akicheka kwamba mgongo wake ulikuwa kama shamba la majaribio. Penye jani la chai palikuwa safi. Penye aproni palikuwa safi. Penye tyubu palivimba, pakawa pekundu na malengelenge. Penye glavu, vivyo hivyo. Baba alimwangalia mama, akaenda nje, na habari ya mikaratusi haikusemwa tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiona mzio wa kugusa kila mahali, hadi marafiki wangu bwenini wananiita Daktari Vipele. Wale wasichana ambao masikio yao hutoa maji wakivaa herini za bei rahisi, ni madini ya nikeli. Mwaka wa 2010 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba nikeli hujishikiza moja kwa moja kwenye kipokezi kimoja cha kinga ya binadamu na kupiga kengele ya hatari, lakini kipokezi cha panya hakina mahali pa kujishikiza. Ndiyo maana panya aliwachelewesha wataalamu kwa miaka mingi! Mzio huo ukishaingia kwa herini, unaweza kuamka kwa kifungo cha suruali au baklo ya mshipi.

Mafundi wa ujenzi hupasuka mikono kwa saruji. Saruji yenyewe huchoma, lakini ndani yake pia mna kromiamu, ambayo huleta mzio mkaidi. Denmark ilitoa sheria mwaka wa 1983 saruji itiwe chumvi ya chuma ili kuipunguza nguvu kromiamu hiyo, na Jumuiya ya Ulaya ikafuata mwaka wa 2005. Kromiamu hutumika pia kulainisha ngozi za viatu, kwa hivyo fundi aliyepata mzio kazini anaweza kuvuliwa viatu vya kanisani.

Wakulima wa pareto hapa nyanda za juu, zao lililoletwa Kenya mwaka wa 1928, nao wana hadithi yao. Ua la pareto huua wadudu kwa kemikali moja, na huwapa baadhi ya wachumaji vipele kwa kemikali nyingine kabisa. Na ndugu zetu wa pwani, Mombasa na Lamu, wana piko. Hina halisi ni majani ya mti, rangi yake ni ya kahawia nyekundu, na ni nadra kumdhuru mtu. Piko nyeusi ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Bibi arusi mmoja hung'ara nayo, mwingine huamka na mikono iliyovimba kwa kufuata maua yale yale aliyochorwa. Nchini Sudan madaktari waliandika katika miaka ya 1980 juu ya watu waliokufa kwa sumu ya kemikali hiyo ilipochanganywa na hina. Hicho si kipele tena.

Je, mzio wa kugusa hupona? Vipele hupona. Kumbukumbu haifutiki, au tuseme hakuna dawa iliyopo ya kuifuta. Tiba ni kukijua kitu na kukiepuka, jambo ambalo ni rahisi kulisema ukiwa darasani. Mama hawezi kuchuma mikono mitupu. Walijaribu plasta, ikabanduka kwa umande. Glavu za plastiki ambazo si mpira zilimfaa mikononi lakini hahisi chipukizi, na mchumaji asiyehisi chipukizi huleta majani magumu ambayo karani hurudisha. Mwishowe alikata suruali yangu ya zamani ya jinzi, akashona vifuko vidogo vya vidole, jozi nne, ili vikilowa avue avae vikavu. Huanika vile vilivyolowa juu ya kichaka cha chai akiendelea mbele. Akitoka shambani huviosha kwa sabuni na kuvitundika jikoni juu ya moto.

Ameuliza pia habari za gambuti, maana nazo ni nyeusi. Tukachunguza na kukuta kwamba zake ni za plastiki, na miguu yake haina neno. Vile vipande vya tyubu vilivyobaki, baba alivisuka kamba, na ndivyo vinavyomfunga ndama kigingini hadi leo.